Maneno Matatu ya Mama Chanjo

Jumanne, tarehe kumi na nane Februari. Asubuhi hiyo manyunyu yalikuwa yakishuka tangu kabla ya mapambazuko, membamba na ya baridi, yale ya kumlowesha mtu bila mwenyewe kutambua alianza kulowa saa ngapi. Daktari alifika kituo cha afya kichwa kikiwa kimeinama, mkoba ameuficha chini ya koti, na hakumwona mwanamke aliyesimama barazani kwenye mlango wa nyuma mpaka alipomkanyaga mguu.

"Ala! Pole dada, sikukuona."

"Si neno, Daktari. Nimekuvizia makusudi. Nilitaka nikupate kabla mama hajafika."

Alikuwa binti wa Mama Chanjo, fundi wa kushona. Daktari alimfahamu vizuri. Koti jeupe alilovaa lilitoka kwenye cherehani yake. Na Mama Chanjo nani asiyemfahamu? Alikuwa muuguzi wa chumba cha chanjo, na jina lake la kweli lilibaki kwenye kibandiko cha kifuani tu, hakuna aliyelitumia. Nusu ya watu wa mtaa walilia mikononi mwake wakiwa wachanga, na baadhi ya waliolia sasa walileta watoto wao nao walie hapo hapo. Daktari mwenyewe, alipokuja kituoni na vyeti vipya na mikono inayotetemeka, ni huyo mama aliyemfundisha kutafuta mshipa wa mtoto aliyekaukiwa maji. "Usiutafute kwa macho, mwanangu," alimwambia. "Macho yanadanganya. Utafute kwa ncha ya kidole."

"Mama hayuko sawa," binti alisema sasa.

"Presha?"

"Presha afadhali. Kichwa, Daktari. Chakula anakitia chumvi, anazunguka, anatia tena. Pasi yake aliikosa, akaniambia nimemwibia. Mimi! Nikaikuta kwenye pipa la unga. Juzi alirudi nyumbani jua limeshazama, miguu imejaa vumbi, anasema alipita kumsalimia rafiki yake. Huyo rafiki tulimzika, Daktari. Mama ndiye aliyeongoza sala makaburini."

Daktari alikung'uta maji kwenye koti. Saa ya kufungua ilikuwa imekaribia na upande wa pili wa jengo watoto walishaanza kulia. "Umri huo, dada. Kila mtu anasahau. Mimi simu yangu naitafuta kutwa nzima nayo nimeishika mkononi."

"Wewe ukiikosa simu unaitafuta. Mama hajui kama kuna kitu cha kutafuta." Binti aliishusha sauti. "Nakuomba umpime. Ila usimwambie mimi ndiye niliyesema. Ataniua."

"Nitampima," Daktari alisema. "Na sitakutaja."

*

Asubuhi hiyo Daktari alifanya jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa muda mrefu: alimtazama Mama Chanjo.

Kabla ya kufungua chumba chake, Mama alikuwa na desturi ya kusimama mbele ya mabenchi ya kina mama na kuomba. Alisimama leo pia, sare imenyooka, mikono ameikunjua. Aliwaombea watoto wenye homa na mama zao waliokesha, akaziombea sindano zisiumize zaidi ya inavyolazimu, na mikono ya wauguzi isiteleze. Neno lilifuata neno kama maji ya bomba, bila kukwama popote, na mabenchi yote yakaitikia Amina. Daktari, aliyesimama mlangoni, aliitikia pia, na moyo wake ukatulia. Mtu anayeomba namna hii, alijiuliza, amesahau nini?

Kisha Mama Chanjo alifumbua macho, akageuka kulia, kwenye korido ya maabara, akasimama. Alitazama milango. Mfagizi, aliyekuwa akipita na ndoo, alimshika kiwiko akamgeuza taratibu. "Huku, bibi harusi, huku, bwana harusi kasogezwa!" Wakacheka wote wawili, Mama akaingia chumbani kwake.

Daktari alikwenda moja kwa moja kwenye dirisha la dawa. Mtoa dawa waliyemwita Bwana Dawa alikuwa akipanga chupa na kupiga mluzi.

"Mama Chanjo amepotea korido," Daktari alisema.

Mluzi ulikatika. "Ndiyo kwanza leo umeona?"

"Kwani ni mara ngapi?"

"Daktari, humu ndani sote tunambeba. Mfagizi anamwonyesha mlango. Mimi asubuhi napitisha jicho kwenye trei yake nikijifanya naomba pamba. Tumekwenda hivyo tangu mwaka jana. Tulidhani na wewe umo."

"Nimo kwenye nini?"

"Kwenye kumbeba." Alirudia kupanga chupa zake, safari hii bila mluzi. "Utamfanya nini sasa? Umtoe? Yule ukimtoa chumba kile umemzika hai. Na nani atashika sindano, mimi? Mimi nikiona damu nalala chini, unanijua."

Daktari alirudi chumbani kwake, akafunga mlango, akaweka mikono miwili juu ya meza. Mungu wangu, aliomba, isiwe hivyo. Hakuomba aonyeshwe ukweli. Aliomba usiwe hivyo tu, akamwita mgonjwa wa kwanza.

*

Alhamisi ilikuwa siku ya wazee. Kila Alhamisi kituo kiliwapima presha, sukari, macho, na wale ambao jamaa zao walilalamika kuwa wanasahau walipelekwa kwa Mama Chanjo baada ya chanjo kwisha. Ndiye aliyekuwa na subira nao. Aliwatajia maneno matatu, akawachorea duara waliwekee tarakimu za saa na mishale, akapiga nao soga kidogo, kisha akawaomba wayarudie yale maneno. Ndizi, kiti, daraja. Yalikuwa hayo hayo tangu kipimo kilipoletwa kituoni, kwa sababu hakuna aliyewahi kujisumbua kuyabadilisha. Aliyekosea, Mama alimpigapiga begani: "Si kitu, mzee wangu, hata mie mchana sikumbuki nilichokula asubuhi."

Alhamisi hiyo, wazee walipokwisha kuondoka, Daktari alimwita Mama chumbani kwake.

"Kaa, Mama. Leo na wewe nikupime."

"Presha? Imekaa sawa, nimejipima mwenyewe."

"Na kichwa pia. Ni utaratibu tu. Wafanyakazi wote waliotimiza umri."

Mama Chanjo aliangua kicheko. "Kinyozi leo ananyolewa! Haya, mwanangu, nipime."

Daktari alifungua mdomo. Alijua fika, kama anavyolijua jina lake, kwamba hawezi kumpima mtu kwa maneno ambayo mtu huyo ameyataja kila wiki kwa miaka. Maneno mengine yalikuwepo, yamekaa kwenye ulimi: shati, kengele, mto. Alijua pia kwamba maneno pekee si kipimo. Ilimpasa kuuliza habari za nyumbani, jikoni, njiani, kupima damu, kuangalia kama masikio yanasikia na kama moyo hauna huzuni iliyojificha. Alijua yote hayo. Aliitazama ile mikono mikubwa iliyokunjwa juu ya mapaja, iliyowahi kuushika mkono wake ukitetemeka, na zile shati na kengele na mto akazimeza.

"Nitakutajia maneno matatu—"

"Ndizi, kiti, daraja," Mama alisema. "Wewe hujaanza, mie nishamaliza."

Wakacheka. Mama alichora duara, akaweka tarakimu zote mahali pake, akapiga mishale miwili ya saa tano na dakika kumi, maana ndiyo saa waliyoiuliza siku zote. Mkono haukusita. Waliongea kidogo juu ya mvua, kisha Daktari akauliza maneno, na maneno yakatoka kama yalivyokuwa yakitoka kila Alhamisi.

"Umepata zote, Mama."

"Ulidhani nitakosa?"

"Mimi sikudhani. Wa nyumbani ndio wenye wasiwasi kidogo, basi."

Alilisema neno hilo kwa furaha, na lilipokwisha kutoka ndipo alipolisikia. Mama Chanjo alikuwa ameshasimama. Tabasamu lilibaki mdomoni lakini macho yaliondoka.

"Wa nyumbani," alisema. "Nyumbani tuko wawili."

"Mama, sikumaanisha—"

"Hukumaanisha, najua. Asante, mwanangu."

Na ukumbini sauti yake ilisikika kwa wote: "Bwana Dawa! Nimepimwa akili, nimepata zote! Wewe ukipimwa utapata ngapi?"

"Mimi Mama nitakosa hata jina langu!"

Kicheko kikazunguka kituo kizima. Daktari alikaa peke yake mbele ya lile duara safi, akasema, "Asante Mungu." Akajisikia kama mtu aliyeshukuru kwa chakula cha wizi.

*

Binti alirudi Jumatatu, mchana mweupe, mbele ya watu. Hakuvizia tena.

"Umempima?"

"Nimempima, dada. Yuko sawa. Amepata zote."

"Kwa maneno yapi?"

Daktari alianza kutafuta kalamu.

"Nakuuliza maneno yapi. Maana yale ya kituoni mimi mwenyewe nayajua. Nimekua nikiyasikia. Alikuwa akiyafanyia mazoezi na mimi jikoni."

Daktari aliipata kalamu, akaifungua kifuniko.

"Basi umempima kasuku," binti alisema. Hakupaza sauti. "Na ulimwambia. Nilikuomba jambo moja. Amenitolea cherehani nje, Daktari, kwenye mvua. Anawaambia majirani mtoto aliyemzaa anataka afungiwe ndani kama kichaa ili arithi nyumba. Na wao wanamwamini, kwa nini wasimwamini? Daktari amesema ana akili timamu. Mwenye wazimu ni mimi."

"Nitazungumza naye."

"Usizungumze na mtu. Kila unapozungumza mimi napoteza kitu." Alijifunga vizuri kilemba chake. "Nimepanga chumba karibu na soko. Kuanzia leo hakuna wa kumzimia jiko wala wa kumwekea sare kitandani. Ukiona amekuja na viatu viwili tofauti, usishangae. Yuko sawa."

Alikuja kweli na viatu viwili tofauti, wiki iliyofuata, na Bwana Dawa alifanya mzaha kuwa ndiyo mtindo mpya. Lakini jambo moja Daktari hakulijua. Tangu kile kipimo, Bwana Dawa alikuwa ameacha kupitisha jicho kwenye trei ya Mama. Kwa nini aendelee? Alikuwa akiona aibu kila mara kumpekua mama mzima kama mwizi. Daktari alikuwa amesema yuko sawa, naye alishusha pumzi, akarudi dirishani kwake na mluzi wake.

*

Siku ilipofika ilikuwa asubuhi ya kawaida. Sala ilikwisha, Amina iliitikiwa, milango ilifunguliwa. Karibu na saa tano Daktari alitoka kwenda kunywa maji, akampita mama mmoja kijana aliyekaa mwisho wa benchi na mtoto wa miezi tisa mapajani. Huyu alikuwa msusi wa kwenye saluni ya kona. Mtoto ndiye wa kwanza. Daktari alimtania kidogo juu ya nywele, kisha jicho likashuka mkononi mwa mtoto. Pamba ya sindano. Akatazama mkono wa pili. Pamba.

"Mtoto amechomwa wapi na wapi?"

"Huku, na huku."

"Chanjo ya surua ni sindano moja."

Msusi alishtuka. "Nilichomewa ya kwanza, nikakaa hapa nisubiri kadi. Mama akatoka akaniita tena. Nikadhani ndivyo ilivyo." Aliongeza, kama anayejitetea: "Ni Mama Chanjo. Mimi nitamwambiaje?"

Sindano ya pili ya surua isingemdhuru mtoto. Daktari alijiambia hivyo akiingia chumba cha chanjo, akitembea, bado hajaanza kukimbia. Chanjo hiyo huja ikiwa unga, na unga una maji yake maalumu ya kuuyeyushia. Kwenye trei palikuwa na kichupa cha unga kilichofunguliwa sasa hivi. Kando yake, mahali pa yale maji, palikuwa na kichupa kingine chenye kifuniko cha rangi. Alikigeuza. Ilikuwa insulini, dawa ya kushusha sukari ya wagonjwa wa kisukari, iliyokaa kwenye jokofu hilo hilo, rafu ya chini.

"Mama," alisema, "hii umeitumia?"

Mama Chanjo alikiangalia kichupa kwa upole. "Hiyo ni ya nani?"

Ukumbini msusi alipiga ukelele.

Mtoto alikuwa amelegea. Jasho lilimtoka mpaka kwenye nyusi, na alipoitwa alifumbua macho bila kumwangalia mtu. Walimlaza kwenye meza ya Daktari. Kipimo cha sukari kilionyesha tarakimu ambayo Daktari hakutaka kuisoma kwa sauti. Walimpaka sukari ndani ya shavu, lakini hakuwa anameza. Ilibidi iingie kwenye mshipa, na upesi. Daktari alishika ule mkono mdogo, mnene, wenye vishimo badala ya viungo, akachoma. Hakuna. Akachoma tena. Hakuna. Mikono yake ilikuwa ikitetemeka kama ile siku ya kwanza, na Bwana Dawa mlangoni alikuwa ameshika fremu, rangi imemtoka.

"Sogea, mwanangu," sauti ilisema nyuma yake.

Mama Chanjo alimsogeza kwa nyonga, kama mtu anayemwondoa mtoto jikoni. Alichukua mguu wa mtoto, akapitisha ncha ya kidole juu ya kifundo, akafumba macho. Midomo yake ilikuwa ikiomba. Sindano iliingia mara moja, damu ikarudi, maji ya sukari yakapita.

Muda ukaenda. Msusi alikuwa amepiga magoti sakafuni, ameshika mguu wa meza. Kisha mtoto alikunja uso na kulia, kilio kibaya cha hasira, na hakuna mtu chumbani aliyewahi kusikia kilio kitamu kama kile.

Gari la wagonjwa liliwachukua kwenda hospitali kuu. Mama Chanjo alinawa mikono, akaikausha kidole kwa kidole, akatikisa kichwa.

"Maskini," alisema. "Yule mtoto kapatwa na nini?"

*

Kesho yake Daktari alimfuata binti kwenye chumba chake karibu na soko. Hakupokewa kwa chai. Alisimulia yote akiwa amesimama, pamoja na yale maneno aliyoyameza, na binti aliendelea kushona mpaka mwisho wa mshono.

"Unataka nikusamehe?"

"Nataka uje. Safari hii nampima kweli, na siwezi bila wewe."

"Nitakuja kwa ajili yake," binti alisema. "Wewe ulipendwa, mimi nikaitwa mwizi. Hilo likae hivyo hivyo."

Walikaa watatu chumbani kwa Daktari kituoni, mlango umefungwa. Daktari aliuliza na binti alijibu, mbele ya mama yake, bila kuficha: pasi, chumvi, jiko lililowaka usiku kucha, rafiki aliyezikwa. Mama Chanjo alikataa kila kitu. Aliruka kimanga, akaapa, akamwita binti yake majina. Daktari alipomweleza juu ya mtoto wa msusi, alisema kwa hasira, "Mimi? Nimeokoa mtoto mimi! Mshipa niliutafuta mimi!" Na hilo lilikuwa kweli, na ndilo pekee lililobaki kichwani mwake kutoka siku ile.

"Mama," Daktari alisema, "nitakutajia maneno matatu. Si yale. Mapya. Shati, kengele, mto. Yarudie."

"Shati, kengele, mto. Kazi gani hiyo?"

"Chora saa. Saa tisa kasorobo."

Alichora duara zuri, akaweka tarakimu. Kisha akaishika kalamu hewani. Akapiga mshale mmoja kwenye tisa. Alifikiri. Wa pili akaupiga kwenye mbili, akaufuta kwa kidole, akaupiga kwenye kumi na moja, namba za ile saa tano na dakika kumi ya kila Alhamisi ikiwa imevunjika vipande. Aliisukuma karatasi mbali.

"Sasa yale maneno, Mama. Uliyasema."

Uso wa Mama Chanjo ulichangamka. Aliketi wima, akaikunja mikono mapajani.

"Ndizi," alisema. "Kiti. Daraja."

Binti aligeuka dirishani. Nje mtu alikuwa akiburuta benchi. Mama Chanjo alimwangalia binti yake, akamwangalia Daktari, na kidogo kidogo uso ule ukaanza kufungika, kwa sababu nyuso za namna hii alizijua: ndizo walizokuwa nazo jamaa za wazee, kila Alhamisi, nyuma ya kiti cha mgonjwa.

"Nimekosa," alisema.

Aliivuta tena ile karatasi ya saa.

"Wao nilikuwa nawapiga begani. Nawaambia si kitu." Sauti yake ilikuwa kavu. "Nilikuwa nawadanganya. Wewe usinidanganye, nimekufundisha kazi. Sema."

Daktari akasema. Kwamba huenda ni ugonjwa wa ubongo unaoanza, ule unaoitwa dimenshia, unaokula ya jana na kuacha ya zamani. Kwamba kesho watapima damu, maana yapo maradhi mengine yanayofanana nao na yanayotibika, na mtaalamu wa hospitali kuu atamwona. Kwamba kwa jinsi alivyoona, hakuwa na matumaini makubwa kwamba ni hayo mengine. Kwamba yeye Daktari angeweza kuanza kumshughulikia tangu Februari, na hakufanya, na mtoto wa watu amelipia.

"Yuko hai?"

"Yuko hai. Bado wanamwangalia. Anashtuka usingizini. Hawajui kama kichwa kimeumia, watajua akikua."

Mama Chanjo aliinama, akaomba kimya kwa muda mrefu. Alipoinua kichwa alisema, "Basi naahidi. Mbele ya Mungu, sindano sishiki tena, na chumba kile siingii."

"Mama," binti alisema bila kugeuka, "kesho asubuhi utakuwa umesahau. Utavaa sare utakuja."

Lilikuwa neno la kikatili na lilikuwa la kweli. Daktari alitaka kumkemea, lakini Mama alinyanyua mkono.

"Mwache. Yeye peke yake ndiye aliyesema kweli kati yetu sote." Alimtazama binti yake kisogoni. "Cherehani imeharibika?"

"Imeshika kutu."

"Mungu anisamehe. Wewe usipoweza, usijilazimishe." Kisha alimgeukia Daktari, na kwa mara ya mwisho sauti ilikuwa ile ya muuguzi mkuu anayempa mgeni kazi. "Ahadi ya mtu anayesahau ni ya nini? Aahidi anayekumbuka. Ahidi wewe. Na si humu, umefunga mlango. Humu ndimo ulimonipima mara ya kwanza. Njoo nje waitwe watu."

Alisimama mwenyewe, akafungua. Ukumbini Bwana Dawa alitoka nyuma ya dirisha lake. Mfagizi aliweka ndoo chini. Na kwenye benchi alikuwepo msusi, amekuja kutoka hospitali kuu bila kulala, mtoto kamwacha na bibi yake. Alikuwa amekuja kuuliza lilitokea jambo gani, kwa kuwa huko hospitali hakuna aliyemwambia.

"Huyu nani?" Mama Chanjo aliuliza.

"Ndiye mama yake," Daktari alisema.

Mama Chanjo alisimama mbele ya msusi. Alifungua mikono, kama anayetaka kuomba, na safari hii maneno hayakuja. Aliishusha.

"Mimi sitaki mniombee," msusi alisema. Midomo yake ilikuwa imepasuka kwa kukosa maji. "Nataka kusikia kwamba halitatokea tena kwa mtoto wa mtu. Nataka kulisikia kwa mtu mwenye akili zake."

"Umesikia, Daktari," Mama Chanjo alisema. "Sema kwa sauti, wote wasikie. Na mimi nisikie, japo sitabaki nalo."

Binti alikuwa ametoka, amesimama mlangoni, mikono ameikunja kifuani. Daktari alimtazama, hakuona huruma, akaona kwamba hakustahili kuitafuta. Aliinua kichwa.

"Mama," alisema, "mbele ya binti yako ambaye sikumwamini, na mbele ya mama huyu ambaye nimemuumizia mtoto, na mbele ya wenzetu hawa tuliokuwa tukikubeba nao, naahidi. Kesho ukija na sare, nitakurudisha nyumbani kwa mkono wangu mwenyewe. Kesho kutwa ukija, nitakurudisha. Ukinililia, ukiniita mwanangu, ukiniita mwizi, ukiapa kwamba hakuna aliyewahi kukuambia, nitakuambia tena, ukweli wote, kila siku kama ni mara ya kwanza, na chumba cha chanjo sitakufungulia. Mungu anisikie, na ninyi mliosikia mnishike kwa neno hili."